KILA MTOTO NA UKILI WAKE
Maneno ya makatekista juu ya kambi ya watoto, yaliyosemwa katika sherehe ya yubile ya parokia



Kamati ya yubile imetupa sisi makatekista kazi ya kusema machache juu ya watoto wa parokia. Wengine wamekwisha kusema vizuri juu ya mapadri wa kwanza, juu ya wazee waliofyatua matofali ya kanisa hili, na juu ya wale waliobatizwa mbele yetu. Hayo yote ni haki yao. Lakini parokia inayohesabu miaka yake yapasa vilevile kuwatazama watoto wake na kuuliza: Je, wana moyo gani? Maana wao ndio watakaoadhimisha yubile itakayofuata, na sisi tutakuwa tumelala chini ya udongo.

Kwa hiyo tumechagua kusema juu ya kambi tunayoifanya wakati wa vakansi kubwa, katika mwezi wa nane, kiangazi kikiwa bado kikavu. Humo watoto wa miaka 8 hata 14 wanakaa pamoja majuma mawili, wanasali, wanacheza, na zaidi ya yote wanafanya kazi za mikono kwa pamoja: kusuka, kuchora, kufinyanga, kuchonga. Tunaisema leo kwa sababu kambi hiyo imo katika mashaka. Kuna wanaotaka tuipunguze iwe mafundisho ya dini peke yake. Kuna wanaotaka tuigeuze kuwa mashindano yenye zawadi. Kuna wazazi wanaowaita binti zao warudi nyumbani siku ya tatu. Tunaomba mtusikilize kwanza, kisha mtaamua.

1. Hofu si adabu

Kila mwalimu wa dini ameona jambo hili. Unauliza swali katika katekismu, na mtoto anajua jibu, maana jana amelisema mbele ya mama yake bila kukosa. Lakini ukimsimamisha, anatazama chini, anavuta ncha ya shati, sauti inakufa kooni. Wazazi wanasema: Ni adabu. Ndugu zetu, adabu ni kitu kimoja, na hofu ni kitu kingine. Mtoto wa adabu anangoja zamu yake ya kusema. Mtoto wa hofu anaomba zamu yake isifike.

Hofu hiyo ina mizizi, nayo haikuota kwa watoto peke yao. Sisi tulio na miaka zaidi ya arobaini tulikuwa watoto au vijana wakati vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilipopita katika Maniema. Tulijifunza kunyamaza, kwa kuwa aliyesema alionekana, na aliyeonekana alichukuliwa, ama kubeba mizigo, ama kubeba bunduki. Tulipozaa, tuliwafundisha watoto wetu kunyamaza kule kule, tukidhani tunawalinda. Kisha, katika miaka ya 2017 na 2018, watu wengi sana wa Kabambare walikimbia tena makwao mbele ya vikundi vyenye silaha. Watoto wao wengine tunao kati yetu hata leo. Na kule Salamabila na Namoya dhahabu inawaita watoto wadogo mashimoni, wanazoea kuchimba na kuosha mchanga, wakirudi katika masomo wanaona haya kukaa benchi moja na wale walio wadogo kwao.

Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zimefanywa bure, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo, maana watoto wengi wa maskini wameingia. Lakini madarasa yamejaa. Mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi namna ile hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mtoto anajibu peke yake, anakosea peke yake, na wenzake wanacheka wote pamoja.

Basi tuliuliza: Moyo wa kujiamini mtoto anaupata wapi? Watu wengi wanadhani anaupata kwa kusifiwa. Sifa ni njema, lakini ni kama umande, jua likipanda kidogo tu umekauka. Na mtoto anajua sana kama sifa aliyopewa ni ya kweli au ni ya kumnyamazisha. Sisi tumeona kwamba anapata moyo wakati anapotambua kwamba wenzake wanangoja kitu kutoka mkononi mwake, na kwamba bila kitu hicho kazi ya wote haitakwisha. Hili ndilo neno letu lote la leo. Mengine tutakayosema ni mifano yake.

2. Mkeka

Mnaujua mkeka ginsi unavyofanywa. Hausukwi wote mara moja. Kwanza unasukwa mkanda mrefu na mwembamba, yaani ukili. Kisha kili zile zinashonwa moja kando ya nyingine. Ukili mmoja ukikosekana, mkeka una pengo. Ukili mmoja ukiwa mpana na wa pili mwembamba, mshono unakunjamana na mkeka haulali chini.

Katika kambi tunawapanga watoto saba saba, wa vijiji mbalimbali, wavulana na wasichana pamoja, na kila mtoto anapewa ukili wake. Mwaka mmoja tulikuwa na msichana mwenye mguu mbovu. Tangu siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, nasi tulidhani anataka kurudi kwao. Wavulana wa kundi lake, watoto wa mjini, walianza kusuka kwa fujo, kila mmoja kwa upana alioupenda. Walipoleta kili zao pamoja, hazikukubali kushonwa. Ndipo walipoona kwamba mmoja tu kati yao amesuka ukili ulio sawa toka mwanzo hata mwisho, na huyo ni yule msichana, aliyefundishwa na bibi yake tangu utoto. Wakachukua ukili wake uwe kipimo. Wakafumua kazi yao, wakaanza tena, na wakafumua mara ya pili na ya tatu. Kila asubuhi walikuwa wakimtafuta: Uko wapi? Njoo utupimie. Hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba ana thamani. Alihama mwenyewe kutoka mlangoni, akakaa katikati, akaanza kuamrisha.

Mkeka huo ndio uliotandikwa leo mbele ya altare. Wageni wetu wakiutazama vizuri wataona kwamba ukili mmoja, upande wa kushoto, umepinda. Uliwekwa hapo na mtoto wa miaka 8, nasi hatukuuondoa. Kanuni ya kambi yetu inasema: mkubwa asishike kazi ya mtoto ili kuinyoosha. Anaweza kuonyesha kwa majani yake mwenyewe, anaweza kuuliza, anaweza kungoja. Lakini akiutwaa ukili mkononi mwa mtoto na kuumalizia, amemwambia bila maneno: Mikono yako haitoshi. Na mtoto huyo hatasahau neno hilo upesi.

3. Kamba ya hekima

Ndugu zetu Warega, walio jirani zetu upande wa kaskazini katika Pangi, na ng’ambo katika Shabunda na Mwenga, wana kitu kiitwacho mutanga. Ni kamba iliyofungwa, na juu yake vimetundikwa vitu vidogo vidogo: unyoya, ganda, kipande cha kibuyu, ukucha wa mnyama, kijiti. Kila kitu kina methali yake. Mzee anashika kitu, anasema neno lake, na watu wanaitikia. Hivyo watu wasiokuwa na vitabu waliandika hekima yao hewani, wakaisoma kwa vidole. Padri Georges Defour, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikusanya mengi ya mafundisho hayo katika kitabu kilichochapishwa Bukavu mwaka 1979. Ni yeye yule aliyeanzisha chama cha vijana cha Xaveri katika Kivu ya zamani, katika miaka ya 1950. Na wengi wenu mlio hapa mlivaa fulari ya Xaveri mkalala katika kambi zake. Basi kamba na kambi zimekutana kwa mtu mmoja, nasi hatukuona vibaya kuzikutanisha tena.

Hatugusi mambo ya bwami, ambayo ni ya wenyewe. Tumechukua namna tu. Juma moja mbele ya kambi, kila mtoto anatumwa kwa bibi au babu yake kuomba methali moja, na kutafuta kitu kidogo cha kuikumbusha. Hapo tayari kuna faida: wazee wengine wametuambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima mjukuu wao aliketi kuwauliza neno. Mtoto mmoja alileta kitana kilichovunjika meno, akasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Kambi nzima ilicheka, naye akacheka pamoja nao, na kicheko hicho hakikumuumiza, kwa kuwa alikianzisha mwenyewe.

Jioni, moto ukiwaka, mtoto anakwenda kwenye kamba, anashika kitu chake, anasema methali, na wote wanaitikia. Kama sauti inakataa, mwenzake wa kundi anaanza nusu ya kwanza, naye anamalizia. Siku inayofuata anasema yote. Wengine huchukua siku tano. Hakuna anayehesabu. Kisha, kabla ya kambi kwisha, watoto wanabadilishana: kila mmoja anapaswa kusema methali ya mwenzake na kueleza mwenzake aliitoa wapi. Hapo ndipo mtoto anaposikia neno la nyumbani kwao likisemwa kwa heshima kinywani mwa mtu wa kijiji kingine.

Tangu miaka michache wazazi kadhaa Waislamu, majirani zetu, wanatuletea watoto wao kwa kazi za mikono, na saa ya sala wanaachwa huru. Mnajua kwamba katika Kasongo Uislamu ulifika mbele ya misioni, tangu siku za Tippu Tip, na kwamba katika kila ukoo wetu wamo hawa na wale. Methali za bibi zao zimo katika kamba pamoja na zetu. Hakuna mtoto aliyeuliza neno hili ni la dini gani.

4. Ukuta wa baraza

Kazi ya tatu ni ukuta wa baraza ya darasa la katekismu. Rangi za duka ni ghali, tena zinachukua siku nyingi njiani kutoka Kindu au Bukavu. Kwa hiyo tunatumia zetu: udongo mwekundu wa kichuguu, udongo mweupe uitwao pemba, makaa ya kusagwa, na majani mabichi ya kutwanga. Tunachanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo kusudi rangi ishike. Burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha.

Mwaka mmoja pemba ilikosekana karibu na misioni. Watoto walitafuta siku nzima wasipate. Palikuwa na mvulana aliyefanya kazi katika mashimo ya dhahabu, na jambo hilo alikuwa akilificha kama uchafu. Siku hiyo, kwa sauti ndogo, alisema kwamba anajua kusoma udongo: mahali maji yanapotoka ya maziwa kando ya mto, ukichimba urefu wa mkono, utaona mweupe. Wakubwa wawili walifuatana na kundi lake. Walirudi jioni na vikapu viwili. Alama yote nyeupe iliyo katika ukuta ule, nguo za Mama Maria, mawingu, mbuzi, ni kutokana na maarifa ambayo mtoto yule aliyaonea haya. Hatusemi kwamba shimo la dhahabu ni mahali pa mtoto. Hasha! Sheria ya nchi ya mwaka 2009 juu ya kuwalinda watoto inakataza kazi ya namna hiyo, na dhamiri yetu inakataza pia. Tunasema kwamba mtoto aliyetoka huko asipokelewe kama mwizi aliyetubu. Alijifunza kitu hata mahali pabaya, na kitu hicho kinaweza kuingia katika kazi ya wote.

Juu ya ukuta huo huo wamechora njia kutoka Kabambare mpaka Kasongo. Siku za kwanza wengi walichora chini, mchangani, bunduki na nyumba zinazowaka. Mtu mmoja wa parokia alitaka tuwakataze, akasema kwamba si michoro ya Kikristu. Hatukuwakataza, wala hatukuwauliza maswali. Tuliwaambia tu kwamba ukuta ni wa wote, basi kundi lishauriane nini kiwekwe. Walishauriana siku mbili. Mwishoni waliweka mto Luama, na mtumbwi uliowavusha, na mama aliyebeba watoto wawili ambao mmoja si wake. Nyumba inayowaka imo pia, lakini ni ndogo, pembeni, na njia inapita mbele yake inaendelea. Wao ndio walioamua ukubwa wa kila kitu. Mtoto ambaye vita vilimtupa huku na huku bila kuulizwa, hapo aliulizwa.

Tuseme ukweli vilevile: kuchora si dawa ya kila kidonda. Wapo watoto wasiolala usiku, wanaolia bila sababu, wanaojikojolea wakiwa wakubwa. Hao tunawapeleka kwa sista muuguzi na kituo cha afya, tena tunazungumza na jamaa zao. Mwalimu wa dini asijifanye mganga.

5. Waliotutangulia

Wageni wetu wasidhani kwamba jambo hili ni wazo letu jipya. Mwaka 1953 alifika Kamina, katika Katanga, padri Mfransisko jina lake Guido Haazen. Alikusanya wavulana wa shule na waalimu wao, wakawa kundi la waimbaji. Hakuwapa nyimbo za Ulaya wazikariri. Waliimba pamoja, mmoja akitoa sauti, wengine wakijibu, wakijaribu, wakibadilisha, mpaka ikapatikana Misa nzima iliyojengwa juu ya namna za kuimba za kwetu. Sanctus yake imetoka katika wimbo wa kuagana. Ndiyo Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958, na katika mwaka huo huo watoto wale waliipeleka Ulaya, wakaimba mbele ya umati wa watu. Miaka hiyo Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza, maana ulifunguliwa mwaka 1962. Watoto wa shule walitangulia.

Katika mji wa Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Alikataa kuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya za kuiga. Walikaa chini ya paa moja, na kila mmoja akapata mkono wake: Bela alichora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi iliyobanana, Pilipili Mulongoy akajaza karatasi ndege na samaki. Mtu anayejua kazi hizo hahitaji kutafuta majina chini yake. Kumbe kufanya kazi pamoja hakufuti sura ya mtu, kunaifunua.

Na Maandiko Matakatifu yalisema mbele ya wote. Somo la tatu la kitabu cha Nehemia, ambalo wasomaji wengi wanaliruka kwa sababu limejaa majina, linaeleza ginsi ukuta wa Yerusalemu ulivyojengwa tena. Kila jamaa ilijenga kipande chake, na kando yake jamaa nyingine. Walikuwamo wafua dhahabu na wafanya manukato, watu ambao si waashi. Alikuwamo Shalumu, mkubwa wa nusu ya wilaya, aliyejenga pamoja na binti zake. Tunawaomba mababa walishike neno hilo: pamoja na binti zake.

6. Majibu kwa wenye mashaka

Wengine wanasema: Kuchora hakuleti muhogo nyumbani. Ni kweli. Lakini mtoto aliyezoea kunyamaza atanyamaza pia sokoni akipunjwa, na shuleni asipofahamu, na kwa daktari asipoeleza mahali panapomuuma, na siku mtu mbaya atakapomshika mkono gizani. Sauti yake ni mali ya nyumba, na mzazi asiihesabu kuwa si kitu.

Wengine wanasema: Toeni zawadi kwa aliye wa kwanza, watoto watafanya bidii. Zawadi kwa mmoja inawafundisha wenzake wote kwamba wameshindwa, na inamfundisha huyo mmoja kuficha maarifa yake. Kama yule msichana wa mkeka angalikuwa katika mashindano, angaliufunika ukili wake kwa nguo. Mpira wa miguu una mshindi wake, nasi tunaupenda. Lakini kambi iache mahali pamoja ambapo hakuna anayeshindwa.

Wengine wanasema: Binti ana kazi ya maji na shamba. Tunajua uzito wa kazi hiyo, maana wake zetu wanaibeba. Lakini kila mwaka wasichana wanaanza kambi wakiwa nusu ya watoto, na siku ya tatu wamebaki wachache. Kundi la watu saba linabaki na wanne, na kili tatu zimeachwa chini bila mwenyewe. Binti akiitwa, haondoki yeye peke yake. Kazi ya wenzake inavunjika, naye anarudi nyumbani amefahamu kwamba kazi yake ndiyo ya kwanza kuachwa. Kama ndugu yake wa kiume anaweza kuchota maji katika majuma yale mawili, je, ukoo utaanguka?

Na wengine wanauliza kama watoto wako salama mikononi mwetu. Swali hili ni la haki, na mzazi asione haya kuliuliza mbele ya mtu yeyote, awe padri, awe mkatekista. Katika kambi hakuna mkubwa anayekaa peke yake na mtoto mahali pa siri. Wakubwa wanakuwa wawili daima, wasichana wanalala na mamama, milango ya mchana iko wazi, na mzazi anaweza kufika saa yoyote bila kuagana.

7. Tunayoyaomba

Mwaka 1989 mataifa ya dunia yalipatana juu ya haki za mtoto, na kifungu cha 31 cha mapatano hayo kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika, kucheza, na kuingia katika mambo ya ufundi na utamaduni. Sisi hatuhitaji mali nyingi ili kutimiza neno hilo. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila shirika lichukue siku moja ya kuwalisha watoto. Fedha hatuombi; tunaomba muhogo, maharagwe, sombe, samaki wa Lualaba kama wamepatikana, na mamama wawili wa kupika.

Pili, wazazi watuahidi kuwaacha binti katika kambi mpaka siku ya mwisho. Na ahadi hiyo itolewe mbele ya shirika, kama tunavyoahidi mambo mengine mazito.

Tatu, wazee wanaojua kusuka, kufinyanga na kuchonga waje kukaa na watoto, hata kama hawajui kusoma, hata kama si wa kanisa letu. Elimu iliyo mikononi mwao inakufa pamoja nao, na kiangazi hakirudi kwa ajili ya waliokwisha kuzikwa.

Nne, mababa mapadri, kazi za watoto zisiwekwe katika ghala baada ya sherehe. Mkeka uendelee kutandikwa siku za Ubatizo, kamba itundikwe barazani, na ukuta, rangi ikififia kwa mvua, uachwe kwa watoto wa mwaka unaofuata wautengeneze upya, bila fundi wa mjini kuitwa kuupaka. Mtoto akiona kazi yake inatumiwa na Kanisa, atafahamu kwamba yeye mwenyewe si mgeni ndani yake.

Baba Askofu, wazazi, ndugu zetu, hayo ndiyo maneno yetu. Mungu, aliyemjaza Besaleli roho ya ufundi kwa kazi ya hema takatifu, awajaze watoto wa Kasongo na wa Kabambare roho ileile, awape mikono isiyotetemeka na vinywa visivyoogopa kusema kweli. Na sisi wakubwa atujalie uvumilivu wa kuwangoja. Mwenyezi Mungu aibariki parokia yetu. Amina.